Tanga, Moteri na Chupa Moja ya Esansi

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nimepata kazi ya kushona matanga, shangazi yangu alishika kifua akauliza nani amekufa. Kwetu Lubumbashi neno hilo ni la kilio: viti vya kukodi, turubai barabarani, akina mama wanapika kwenye masufuria makubwa. Ilinibidi nimweleze kwamba kuna matanga mengine, ya kitambaa, yanayopandishwa kwenye mlingoti ili upepo usukume mashua. Shangazi aliachia kifua.

"Sasa bahari iko wapi?"

Swali zuri. Bahari hatuna. Tuna ziwa lililotengenezwa na watu, upande wa barabara ya Likasi, walipojenga bwawa la umeme na maji yakafunika pori. Miti iliyozama bado imesimama chini kama watu waliosahaulika. Pembeni mwa ziwa hilo kuna klabu ya mashua, na nyuma ya klabu kuna kontena la chuma lenye madirisha mawili. Humo ndimo nilimomalizia macho yangu.

Ruth, wewe na wenzako mliopokea karakana hiyo mmeniomba niandike niliyoyaona. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuwa viwili tu, fundi na fundi aliyezeeka, na mishahara mnaijua. Nitaandika jinsi nilivyoanza, na siku ile ambayo mshono wangu ulijaribiwa nikiwa mimi mwenyewe ndani ya maji.

Nilitoka kwenye karakana ya baba yangu, mtaani Kampemba. Ukoo wetu ulitoka Maniema, na wanaume wa ukoo wetu walikuwa mafundi cherehani tangu babu. Baba hakupata mtoto wa kiume, akanifundisha mimi. Nilishona kanzu, sare za shule, nguo za harusi. Katibu wa klabu alikuwa mteja wetu. Siku moja alileta suruali ya kupunguzwa, akamwona baba, akaniona mimi, akauliza kama kuna mtu anayeweza kushona kitambaa kigumu. Baba alisema yupo, akanielekezea kidole. Alitaka kupunguza midomo mezani, nadhani.

Aliyenipokea ziwani alikuwa Papa Ildefonse, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Yeye mwenyewe alianza maisha akishona maturubai ya kufunika mabehewa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kujikunja kwa baridi yabisi. Alinipa tanga lililochanika, sindano yenye ncha ya pembe tatu, uzi uliopakwa nta ya nyuki, na kiganja cha ngozi, ile kinga ya kusukumia sindano bila kutoboa mkono. Kisha akaenda kunywa chai.

Nikashona kama nilivyofundishwa nyumbani: mishono midogo, imekaribiana, imenyooka. Nilijipongeza. Papa Ildefonse aliporudi aliangalia kwa muda mrefu, akavuta pande mbili za kitambaa kwa nguvu, na mshono wote ukafunguka kwenye mstari wa matundu kama stempu inavyochanika.

"Weye umeshona nguo ya ndoa," alisema. "Tanga haiendi ku kanisa. Ukitoboa matundu mingi, unaikata. Acha nafasi, kitambaa kipumue."

Nilifumua, nikaanza tena. Nilitaka kulia, lakini chai yake ilikuwa nzuri na alinimiminia kikombe. Jioni mshono ulishika. Hadi leo, fundi mpya akiniletea mishono midogo mizuri, najua ametoka kwenye kanzu.

Sasa lazima niwaeleze vita vya klabu, maana mliopo leo mmekuta vimepoa.

Wanachama walikuwa makundi mawili. Upande wa mikaratusi walikaa watu wa tanga. Upande wa kibanda cha mafuta walikaa watu wa moteri, yaani wa mashua za injini. Baraza lilikuwa moja na baa ilikuwa moja, ila hakuna aliyebadilisha kiti. Watu wa moteri waliyaita matanga mapazia. Watu wa tanga waliziita moteri vinu vya unga, kwa sababu ya makelele. Mimi niliwashonea wote. Asubuhi natia kiraka kwenye pazia, mchana nafunika viti vya kinu, na kila upande uliamini kwamba kazi yake ndiyo iliyonipendeza. Sikuwahi kuwasahihisha.

Kazi zenyewe zilikuwa za kila aina. Kuna bwana aliyehifadhi tanga lake pamoja na magunia ya unga wa muhogo, panya wakala vyote viwili bila ubaguzi. Niliunganisha vipande vilivyobaki hadi tanga likafanana na ramani ya mikoa. Kuna mwenye moteri aliyetaka mapazia yenye nyuzi za dhahabu ndani ya mashua isiyo na dirisha. Nilimshonea. Majaketi ya kuelea nilikuwa nayafungua yote kila mwisho wa masika, nayakausha, naangalia kila mkanda. Hiyo kazi hakuna aliyeisifu, nanyi msiiache.

Vita vilikuwa na majemadari. Wa moteri alikuwa Bwana Hamisi, mwenye malori ya kwenda Mokambo, mtu mnene mwenye kicheko cha kuamsha bata. Mashua yake nyekundu aliipa jina Turbo. Wa tanga alikuwa Mwalimu Séraphine, aliyefundisha kemia, mwembamba, mkali, na mashua yake ya mbao iliitwa Mayele. Alisafiri na kaka yake Anselme, ambaye hakuongea sana kwa kuwa dada yake alimaliza maneno ya wote wawili.

"Mwalimu," Hamisi alikuwa akimpigia kelele kutoka kibanda cha mafuta, "unaenda wapi na ile pazia? Unahama nyumba?"

"Naenda kule utafika kesho," Séraphine alijibu, "kama fundi yako anapata bujii ya moteri."

Kila mwaka, kiangazi kikielekea mwisho, walishindana. Kwa kuwa moteri ingeshinda tanga bila jasho, walitunga sheria: kila mashua ya moteri inapewa chupa moja ya bia iliyojaa esansi, yaani petroli, na hakuna zaidi. Tanga linapewa upepo wowote uliopo. Njia ilikuwa kuzunguka kisiwa cha mafunjo na kurudi. Watu wa moteri waliondoka polepole, wakihesabu kila tone, wakibembeleza mashine zao kama mgonjwa. Watu wa tanga waliomba upepo. Upande ulioshindwa uliwapikia washindi bukari, ugali wetu, na samaki, na ulivaa aproni nilizoshona mimi, za maua makubwa. Hizo aproni ndizo zilizowafanya wanaume wazima wakose usingizi.

Mwaka ninaousema, Séraphine aliniletea tanga la Mayele wiki moja kabla. Jua lilikuwa limelila. Nilipolikunja lilitoa sauti ya karatasi.

"Iyi tanga imechoka, Mwalimu," nilimwambia. "Ntashona, lakini upepo mukali ukikuya, usiitegemee sana."

"Mama Zaituni, mwaka wa mbele ntaagiza ingine. Nisaidie tu ipite iyi siku."

Pembe ya chini ndiyo iliyonitia hofu, pale nguvu yote ya upepo inapovuta. Kitambaa cha tanga sikuwa nacho cha kutosha. Nilikuwa na kipande cha turubai la lori alichoniachia Hamisi nilipomtengenezea mfuniko. Nilikata pembe tatu mbili, nikalibana tanga katikati yake kama siagi katikati ya mkate, nikashona kwa mkono, mstari juu ya mstari, nikiacha nafasi. Papa Ildefonse, ambaye wakati huo alikuja karakana kuota jua tu, alivuta mara moja, akaniangalia, akarudi kwenye kiti chake. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya mashindano nilipewa bendera ya mwamuzi. Mwamuzi alisafiri na upande mmoja kila mwaka kwa zamu, na mwaka ule ilikuwa zamu ya moteri. Ndivyo nilivyojikuta ndani ya Turbo, pamoja na Bwana Hamisi na mkewe Mama Aziza, wote watatu tumevaa majaketi ya kuelea. Mama Aziza hajui kuogelea. Mimi pia sikujua, na nilikuwa nimeficha jambo hilo kwa miaka, kwa kuwa hakuna anayemuuliza fundi kama anaogelea.

Hamisi alikuwa ameifanya mashua nyepesi. Nilipopanda niliona nanga haipo, makasia hayapo, hata sanduku la vinywaji limebaki nchi kavu.

"Nanga iko wapi, Bwana Hamisi?"

"Iko inapumzika," alisema, akacheka. "Leo shiye ni manyoya."

Tulianza vizuri. Hewa ilikuwa imetulia na nzito, joto la kabla ya mvua za kwanza, na watu wa tanga walikuwa wamekwama nyuma yetu, matanga yamelegea. Hamisi aliimba. Tulizunguka kisiwa cha mafunjo tukiwa mbele ya wote, na esansi ilikuwa bado inaonekana kwenye mpira wa kupitishia mafuta. Mama Aziza alianza kupanga nani atavaa aproni ipi.

Kisha upande wa Likasi anga likawa jeusi kama sufuria.

Upepo haukuja kidogo kidogo. Ulifika wote kwa pamoja, na vumbi na majani ya nchi kavu juu ya maji. Ziwa letu halina kina kirefu, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na yamesimama, yanapiga kama makofi. Turbo iliinua pua, ikaanguka, ikainua. Hamisi aliacha kuimba. Aliongeza moteri ili tukate mawimbi kwenda klabu, na moteri ilipoongezwa ilikunywa. Niliutazama ule mpira mwembamba. Niliona hewa inaingia ndani yake. Moteri ikakohoa, ikalia tena kidogo, ikanyamaza.

Sijawahi kusikia ukimya mkubwa kama ule, ingawa upepo ulikuwa unapiga kelele.

"Hamisi," Mama Aziza alisema. Jina tu.

Mashua isiyo na nguvu hugeuka ubavu. Wimbi la kwanza likaingia hadi vifundoni. Nyuma yetu, kule tulikokuwa tunasukumwa, ulikuwepo ukuta wa bwawa, na chini ya ukuta mawe makubwa, na mbele ya mawe vigogo vya ile miti iliyozama, vinatokeza wakati wa kiangazi. Maji yalikuwa yanapasuka juu yake meupe. Nilianza kumwaga maji kwa bakuli, Mama Aziza kwa mikono. Hamisi alivua shati, akalifunga kwenye mti wa bendera yangu, akalipunga. Aliniangalia mara moja tu na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mtu mdogo.

"Mama Zaituni, nilitosha nanga, niliiacha ku nchi kavu," alisema. "Miye njo nilitosha nanga."

"Tumwage mayi, Bwana Hamisi. Ya nanga tutaongea mbele."

Mashua nyingine za moteri zilikuwa na chupa moja kama sisi. Mbili zilisukumwa kwenye mafunjo ya kisiwa, ya tatu ilikuwa imerudi klabu tupu hata kabla ya kufika kisiwani na watu wake walikuwa wanakimbilia kibanda cha mafuta. Niliwaona, wadogo kama sisimizi. Hawangefika kwa wakati. Kila mtu aliyekuwa na akili alikuwa anajua hivyo.

Mayele ilikuwa karibu na mstari wa kumalizia. Upepo uliokuwa unatuangamiza ulikuwa umempa Séraphine kila alichokiomba, na alikuwa amewapita wote. Nikaona tanga lake linatetemeka, linageuka, linajaa upande wa pili. Alikuwa anarudi.

Alikuja kwa kasi ambayo sikujua mashua ya mbao inayo. Kadiri alivyokaribia, sikuangalia uso wake wala wa Anselme. Niliangalia pembe ya chini. Niliona viraka vyangu viwili vya rangi ya lori vimevutwa hadi vimekakamaa, na juu yake kitambaa kilichochoka kinapiga. Nilijua kila tundu la pale. Nilijua pale uzi ulipokwisha nikaanza mwingine. Ndugu zangu, fundi anapaswa kumkabidhi mteja kazi kisha aende nyumbani. Haifai alazimike kukaa ndani ya matokeo.

Mara ya kwanza walipita mbali, kamba ya Anselme ikaanguka majini. Séraphine akapaza sauti: "Ntarudia! Musisimame! Mukae chini!" Akazunguka. Sasa vigogo vilikuwa karibu hata niliona kimoja kina kiota cha ndege. Mayele ilikuja tena, tanga limepunguzwa nusu, kipande cha chini kimefungwa na vile vikamba nilivyoviweka mwenyewe. Anselme alisimama, mguu mmoja umeshika mlingoti, akarusha.

Kamba ilimpiga Mama Aziza kifuani. Akaikumbatia kama mtoto.

"Funga mbele!" Anselme akapiga kelele. Ndiyo maneno yake ya kwanza niliyoyasikia mwaka ule.

Hamisi aliifunga. Kamba ikanyooka, Turbo ikashtuka, ikageuza pua yake kuelekea mawimbi, na maji yakaacha kuingia. Mayele haikuweza kutuvuta dhidi ya upepo. Tanga halifanyi hivyo likiwa na mzigo. Séraphine hakujaribu. Alikata kwa ubavu, akasogea kidogo kidogo kandokando ya ukuta, kuelekea ghuba ya mafunjo upande wa mashariki. Kila upepo ulipoongezeka nilisikia kitambaa kinapasuka mahali fulani, na kila mara ilikuwa juu, si kwenye pembe. Nilikuwa nasema Bismillahi na nilimsikia Hamisi anasema pamoja nami. Kisha mafunjo yakatufunika pande zote, mawimbi yakafa, na mashua zote mbili zikasimama kwenye matope kama ng'ombe zizini.

Mvua ikaanza, ya uvuguvugu. Mama Aziza bado alikuwa ameshika kamba. Ilibidi mumewe afungue vidole vyake kimoja kimoja, na alipomaliza aliweka kichwa chake begani mwa mkewe akalia wazi, bila aibu, mbele ya watu wa tanga.

Séraphine alikuwa amelowa, miwani yake imepotea. Alipata pumzi kwanza.

"Bwana Hamisi," akasema, "ile pazia yangu, unaionaje?"

Hamisi alipangusa uso. Akaangalia tanga lililochanika juu, akateremka kwa macho hadi kwenye pembe, akaona viraka.

"Eh! Lakini iyi ni bashi ya lori yangu!"

"Ni yako," nilisema.

"Basi nilijiokoa miye mwenyewe!"

Tulicheka hadi Anselme akakaa chini kwenye matope. Ndicho kicheko kitamu kuliko vyote nilivyovisikia katika kazi hii. Nguo yangu ilikuwa imeharibika, nilikuwa nimepoteza kiatu na bendera, na sikutaka kuwa mahali pengine popote duniani. Nilishika tanga la Mayele lililojaa matope, nikapitisha kidole juu ya ule mshono. Ulikuwa umelegea nyuzi mbili. Zilizobaki zilikuwa palepale nilipoziweka.

Mvua ilipokatika, upepo nao ulikwisha kabisa, kama mtu aliyezima taa. Mashua ya moteri iliyokimbilia mafuta ilikuja kututafuta na bidoni, dumu la esansi, limejaa. Mayele haikuweza kusogea hata kidogo. Kwa hiyo Turbo iliwashwa, na Hamisi akamvuta Séraphine hadi klabu, polepole, kwa heshima, huku Séraphine akimwomba apunguze kelele za kinu.

Papa Ildefonse alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, na viatu vyake. Alinishika mkono kunishusha. Vidole vyake vilivyojikunja vilinibana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Kuya ukule."

Kuhusu nani alishinda, walibishana mpaka giza. Watu wa tanga walisema Mayele ingevuka mstari. Watu wa moteri walisema haikuvuka. Mimi, mwamuzi, niliwakumbusha kwamba bendera iko chini ya ziwa, na uamuzi umezama nayo. Mwishowe Mama Aziza na Séraphine walichukua aproni wakazivaa kwanza, na wanaume wakaona aibu kukaa. Wote walipika. Bukari ilikuwa na mabonge.

Wiki iliyofuata sheria ilibadilishwa, na hii muishike hata kama mtasahau mengine yote: kila mashua ya moteri inabeba bidoni lililojaa na kufungwa, ambalo ukilifungua umeshindwa lakini uko hai, na hakuna mashua inayotoka bila nanga na makasia. Hamisi ndiye aliyependekeza, akisimama. Nami niliomba nifundishwe kuogelea. Mwalimu alinifundisha pale pembeni, akina mama kumi wakitazama na kutoa maoni. Sikuwa samaki, lakini siogopi tena kupanda.

Papa Ildefonse alifariki miaka kadhaa baadaye, kitandani kwake, mchana, wajukuu wamemzunguka. Hamisi aliuza Turbo, akanunua mashua kubwa ya polepole ya kuvulia samaki. Séraphine bado anasafiri, na tanga jipya, na bado anamtukana Hamisi kutoka majini kila Jumapili. Mimi niliendelea hadi macho yalipoanza kuona sindano mbili mahali penye moja. Hapo nilijua. Kazi inayobeba watu haitaki fundi anayekisia.

Nilidhani kustaafu kutaniuma. Watu walinitayarisha kwa huzuni, walinipa hata kitenge cha rangi nzito. Ukweli ni huu. Juzi mchana nilikuwa uani kwangu Kampemba, nachambua lengalenga, upepo ukaja ghafla. Mabati ya jirani yakagonga, vumbi likapanda, nguo zikaruka kwenye kamba. Miaka yote, upepo wa namna hiyo ukinikuta mjini, nilikuwa nasimama na kuanza kuhesabu ni mishono ipi iko ziwani, ni jaketi lipi sikuliangalia, nani ametoka na nani hajarudi. Juzi nilianza kusimama kwa mazoea. Kisha nikakumbuka kwamba mishono iliyoko majini sasa ni yako, Ruth, na nimeivuta kwa mikono yangu miwili kabla sijaondoka, na imeshika.

Nikakaa chini. Nikafunika mboga kwa sinia vumbi lisiingie, nikangoja upepo upite.